Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: sisi tulio Uarabuni tukizeeka tutakula nini?

Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,

Salamu kutoka Riyadh. Mimi ni mtoto wa Bombo, Uganda, huku nafanya kazi za ndani, na naandika usiku sababu mchana simu inakaa kwa madam. Mambo ya mateso leo nayaacha, hayo mnayasikia kila wiki redioni, nataka tuongee hela ya uzeeni maana hiyo sioni mtu anaigusa.

Ningekuwa nafua na kupika kwa mtu pale Kololo, Kampala, sheria ya NSSF, mfuko wetu wa akiba ya uzeeni, iliyorekebishwa 2022 inamtaka bosi aniwekee 10% ya mshahara na mimi nikatwe 5%, hata kama mfanyakazi wake ni mimi peke yangu. Najua wako wengi wasiolipa lakini angalau sheria ipo, una pa kuanzia kulalamika. Sasa nimepanda ndege Entebbe, kazi ni ile ile, sufuria ni zile zile, kampuni iliyonileta ina leseni ya wizara yako, na ile 10% imeyeyuka. Huku pensheni yao ya GOSI ni ya Wasaudi, mgeni wa kampuni bosi anamlipia bima ya ajali kazini tu, na sisi wa majumbani hata hapo hatumo. Chetu ni mshahara wa mwezi 1 ukimtumikia bosi mmoja miaka 4. Mkataba wenyewe ni wa miaka 2! Ukimaliza ukahamia nyumba nyingine, hesabu inaanza upya, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza miaka kumi hapa akiruka nyumba hadi nyumba na asiione hiyo zawadi hata mara moja.

Wafilipino tunaofanya nao kazi serikali yao iliwawekea hii kitu kwenye sheria ya 2018, ukienda kufanya kazi nje lazima ubaki mwanachama wa SSS, mfuko wao wa pensheni, na uendelee kulipa mpaka miaka 60. Wanalalamika kweli kweli kwamba wanakatwa na bosi hachangii, lakini dada mmoja jirani alinionyesha rekodi yake kwenye simu, mwezi kwa mwezi, nikanyamaza tu.

Mheshimiwa, wacha nikueleze siku ya mshahara inavyokuwa. Napata riyali 900, ni kama shilingi laki 8 na nusu za kwetu. Kabla sijazishika voisi noti zimeshajaa WhatsApp, karo, dawa ya bibi, mabati, shemeji anataka boda, na mmoja sijui hata tumeungana wapi ananiita anti. Natuma, mama anaenda kwa wakala kutoa, serikali nayo inachukua kodi yake ya 0.5% hapo hapo. Kinachobaki naweka kwenye nigina, mchezo wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, na wenzangu wa mtaa huu. Nigina ni tamu siku ya zamu yako, ila hela ya nigina kila mtu nyumbani anajua itatoka lini na Idi ikipita imekwisha. Hela ya kuzeekea inataka mahali ambapo ndugu hawezi kupiga simu ikatoka.

Mahali penyewe papo. NSSF siku hizi inapokea hata mtu asiye na mwajiri, anaweka kwa hiari, na faida waliyotoa mwaka wa 2023/24 ilikuwa 11.5%, uliofuata 13.5%, na hata mambo yakiharibika sheria inadai isishuke chini ya 2.5%. Nimepiga hesabu, riyali 100 kwa mwezi ni kama 95,000, ukiweka miaka 10 kwa faida ya 10% unakuta karibu milioni 19 wakati ulichotoa mfukoni ni milioni 11 na kidogo. Na wale wanaoogopa kwamba hela imefungwa mpaka ufike miaka 55, wajue ukifika 45 na umeweka miaka 10 unaruhusiwa kutoa 20%.

Tatizo ni mlango. Kuweka huko NSSF kwa hela ya simu kunataka laini ya Uganda, na laini yangu ilikatwa sababu haikutumika muda mrefu, namba akapewa mtu mwingine. Sasa namba za siri za kuthibitisha zitakuja wapi? Na wasichana wengi wanafika huku hawajawahi kuwa na namba ya NSSF, wametoka kijijini moja kwa moja. Kwenye mafunzo ya kabla ya kusafiri tulifundishwa pasi, mashine ya kufulia na salamu za Kiarabu, ya hela hakuna aliyetaja hata neno, na ndiyo hela tulikuwa tunaifuata.

Kampuni za kupeleka watu zinachukua leseni kwako. NSSF nayo iko chini yako pamoja na Wizara ya Fedha. Kamba zote mbili unazo mkononi, zifunge. Mtu asipande ndege bila namba ya NSSF, asajiliwe kwa pasipoti na imeili, na pale ubalozini Riyadh awepo hata mtu mmoja wa kutusaidia kuweka kwa riyali bila kuzungukia simu ya mama. Sisi watu wa nje tunatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, meza na kiti kimoja ubalozini si ombi kubwa.

Na siku mtakayokaa na Wasaudi kupitia tena makubaliano ya wafanyakazi, waambieni mwajiri naye achangie. Wakikataa 10% anzeni na 5%, kwa mshahara wangu hiyo ni riyali 45 kwa mwezi, na bosi wangu alilipa maelfu kunileta hapa.

Ni mimi,
mfanyakazi wa ndani, Riyadh