Kabla ya kukubali upasuaji wa kukoroma

Wengi wanaokuja kliniki yetu kwa ajili ya kukoroma hawakuja kwa hiari. Wamesukumwa na mwenzi aliyechoka, au wamekwisha kuhamishiwa sebuleni. Ombi lao ni fupi: kateni hicho kinachopiga kelele, yaishe. Pengine inawezekana. Ila kinachopiga kelele hutofautiana kati ya mtu na mtu, na upasuaji mwingi wa kukoroma hushindwa kwa sababu hiyo: mkono wa daktari ulikuwa mzuri, ila alipasua pasipohusika.

Ukilala, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa husinyaa. Hewa inalazimika kupita kwa kasi, nayo hutikisa nyama laini inazokutana nazo. Mara nyingi ni kaakaa laini pamoja na kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kwa wengine ni tonsili kubwa, kwa wengine ni shina la ulimi linaloangukia nyuma. Pua iliyoziba huzidisha shida, kwa kuwa mtu huishia kupumulia mdomo.

Lakini hatuanzi na kutafuta chanzo cha sauti. Tunaanza na kipimo cha usingizi, hasa kwa mtu anayeshtuka usiku kama anakabwa au anayesinzia mchana akiwa kwenye usukani. Kipimo hiki huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, kuanzia mara 5 tayari ni tatizo. Kuanzia 30 ni tatizo kali. Wateja hukiona kama usumbufu. Sisi hatukiruki, maana upasuaji mdogo wa kaakaa unaweza kuondoa sauti huku pumzi ikiendelea kukatika, na hapo nyumbani hakuna tena anayesikia hatari. Mwenye tatizo hilo kwa kawaida huanzia kwenye mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, aliyoibuni Colin Sullivan kule Australia na kuitangaza mwaka 1981. Wengine hutosheka na kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele.

Upasuaji ukibaki kuwa njia inayofaa, tunamlaza mgonjwa kwa dawa na kupitisha kamera nyembamba puani ili tuone anakorom­ea wapi.

Kama ni kaakaa peke yake, kuna njia nyepesi ya kulichoma kwa joto la mawimbi ya redio, kwa ganzi tu. Kovu linalojitengeneza ndani hulikaza kaakaa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Maumivu ni madogo, ila huenda ukarudia zaidi ya mara moja, na nafuu inaweza kupungua miaka inavyopita. Kunyoosha ukuta wa pua uliopinda au kupunguza nyama za puani husaidia kupumua, na humfanya mtu aivumilie mashine vizuri zaidi. Kukoroma kwenyewe mara nyingi hakuishi kwa hilo pekee.

Upasuaji mkubwa wa koo ndio unaoulizwa sana. Shiro Fujita aliueneza Marekani kuanzia mwaka 1981: tonsili zinatolewa, kimio na ukingo wa kaakaa vinapunguzwa, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi. Siku hizi madaktari wengi hupendelea kuzipanga upya nyama hizo na kuzishona kuliko kuzikata ovyo. Tusidanganyane, unauma. Kumeza ni mateso kwa takriban wiki 2, na damu inaweza kutoka siku ya kwanza au tena kati ya siku ya 5 na ya 10, utando wa kidonda unapobanduka. Wachache hubaki wakihisi kitu kimekwama kooni, au maji yakiwapandia puani wanapokunywa. Anayefaidika zaidi ni mwenye tonsili kubwa na ulimi usioziba koo. Mwenye tonsili ndogo, ulimi mkubwa na uzito mwingi tunamrudisha, hata akija na fedha mkononi.

Kwa mtoto hesabu ni nyingine kabisa. Akikoroma kila usiku na pumzi kumkatika, na tonsili pamoja na nyama za nyuma ya pua zimevimba, kuzitoa ndiyo tiba ya kwanza.

Zipo pia kazi zisizofanyika kwetu, kama kusogeza mataya yote mawili mbele kwa takriban milimita 10, au kupandikiza kifuani kifaa kinachosisimua mshipa wa fahamu wa ulimi, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Hizo ni za mwenye pumzi kukatika aliyeshindwa na mashine. Anayekoroma tu hazimhusu.

Ukija mara ya kwanza, njoo na anayelala chumba kimoja nawe. Yeye ndiye shahidi. Rekodi sauti kwa simu usiku mmoja uliokunywa pombe na mwingine ambao hukunywa, kama unakunywa. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, tuambie siku hiyohiyo, wala usiziache mwenyewe.