Jani Limechorwa Nje, Plastiki Imelala Ndani

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya kusifia vifungashio "vya asili", yale majani, rangi za udongo, karatasi ya kaki na maandishi kama ya mkono, nikaona nisipoandika leo sitalala. Mi kazi yangu ndo hiyo, nadizaini lebo na pakiti, miaka mingi sasa, kwa hiyo majani ya namna mnayoyasifia nimeyachora sana na sina pa kujificha.

Niwaambie inavyokuwaga. Mteja anakuja anasema nataka bidhaa yangu ionekane ya asili. Ionekane, hilo ndo neno lake. Basi unampigia kijani iliyopoa, unaweka jani, ikibidi na tone la maji juu ya jani, unaua mng'ao ili ishikike kama karatasi mbichi, mteja anafurahi, analipa nusu, na mpaka hapo hakuna mtu aliyeuliza pakiti yenyewe imetengenezwa na nini. Kuna mmoja nilimshauri tupunguze matabaka ya pakiti hata kama jani litatoka, akanijibu jani libaki, matabaka mnunuzi hayamhusu. Nikachora. Nilikuwa na shida ya hela, nasema ukweli.

Ile kazi ilipotoka kiwandani nikachukua kifuko kimoja nikakikata katikati nikakiloweka kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi karatasi ya kaki imelainika, naikwangua kwa ukucha inatoka vipande vipande na jani langu likiwemo, chini yake nakutana na utando wa alumini uliogandana na plastiki, unang'aa, wala haujui kama umelala majini. Kumbe ile karatasi ilikuwa nguo tu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na mlango wa ile nyumba nilikuwa nimeupamba mimi.

Sa sisemi kila tabaka ni baya. Alumini inazuia mwanga na hewa, plastiki inazuia unyevu halafu ndo inayoyeyuka kidogo kuziba mdomo wa kifuko, karatasi inashika wino. Kila moja ina kazi yake. Balaa liko kwenye kugandishana, maana yakishakuwa kitu kimoja wanaochakata karatasi ili itumike upya hawakitaki na wanaochakata plastiki nao wanakikataa, kinabaki hakina kwao. Mi naona pakiti ya plastiki ya aina moja, mbaya hivyo hivyo kwa sura, angalau ina pa kuanzia kuchakatwa. Najua kuna watakaonitukana kwa hilo, sawa tu.

Halafu hili neno "inaoza" mmelitumia kama mara nne bila kusema inaoza wapi. Ile plastiki ya wanga wa mahindi, PLA, kweli inaoza, lakini inataka joto la kama nyuzi 60 na unyevu na vijidudu vya kutosha, yani mtambo wa kutengeneza mboji, na hata kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinaangalia mazingira ya huko mtamboni, ambako asilimia 90 yake inatakiwa iwe imeliwa na vijidudu ndani ya miezi 6. Shimo la taka nyuma ya nyumba halina joto hilo, bahari ndo usiseme. Mtu akishasoma inaoza anairusha kichakani na roho yake nyeupe kabisa. Na kutoka kwenye mmea nako siyo lazima irudi kuwa udongo: Coca-Cola mwaka 2009 walitoa chupa waliyoiita PlantBottle, hadi asilimia 30 ya malighafi yake inatokana na mimea, lakini ikishakuwa chupa ni PET, plastiki ile ile ya chupa za siku zote, unaweza kuichakata ila kuoza haiozi.

Alama nazo tusizisahau. Mishale mitatu inayozunguka ilichorwa 1970 na mwanafunzi wa Marekani, Gary Anderson, kwenye shindano, kwa ajili ya karatasi zilizochakatwa. Mwaka 1988 wenye viwanda vya plastiki wakaweka mishale inayofanana na hiyo kuzunguka namba 1 mpaka 7, na namba inakuambia aina ya plastiki basi, haisemi kama kuna mtu ataichakata. Ile duara ya kijani yenye mishale ya Wajerumani, Green Dot, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndo inachekesha zaidi, maana yake kampuni imelipia mfumo wa kukusanya taka, lakini we mwenye pakiti mkononi unaona kijani na mishale unajua umenunua wema. Huko Umoja wa Ulaya wamechoka, walipitisha sheria 2024 ya kutumika kuanzia Septemba 2026, ukiandika "rafiki wa mazingira" kijumla jumla bila ushahidi ni kosa.

Kama kweli tunataka kuiga asili, tuige inavyofanya kazi, sura tuachane nayo kwanza. Chukueni trei ya mayai, ile ya kijivu. Ni karatasi chakavu na maji, imesagwa ikawa uji, ikabanwa kwenye umbo, ikakaushwa, na kinacholinda yai ni yale mabonde tu, hakuna gundi hakuna utando. Ukiiloweka inarudi kuwa uji. Kuna na Ecovative wa Marekani, toka 2007 wanaotesha nyuzi za uyoga ndani ya mabaki ya mazao, zinajaza umbo kwa siku chache halafu wanazikausha kwa joto zisiendelee kukua, unapata kitu cha kukinga vyombo vinavyovunjika badala ya lile povu jeupe la plastiki. Trei ya mayai haina jani hata moja juu yake, mmeona?

Ombi langu dogo tu. Siku nyingine mkichapisha picha ya pakiti msipige ya mbele peke yake, ichaneni mpige na ya ndani. Mkikosa ya kuchana mimi ile yangu ya kwenye beseni ninayo, imeshakauka, iko kwenye droo, semeni nitaileta.

Wako,
Mchora majani