Kijana wako anataka kuwa fundi wa vibao? Haya ndiyo tunayomfundisha

Wazazi wanaotuletea vijana hapa karakanani Busia, upande wa Uganda, huuliza kwanza kama mtoto asiyejua kuchora anaweza kuishika kazi hii. Anaweza, tena vizuri. Kazi yetu ni kuandika herufi kwa brashi kwenye vibao na kuta, na herufi ina njia zake: unaanzia wapi, brashi unaivuta kuelekea wapi, unaishia wapi. Mwenye subira na jicho la kujisahihisha huzishika njia hizo hata kama hajawahi kuchora kuku. Waliozoea kusifiwa shuleni kwa michoro yao mara nyingi ndio huchelewa, kwa sababu wanataka kuizungushia herufi mstari kisha waijaze rangi ndani. Herufi ya fundi huandikwa kwa mivuto, na unene wake unatoka kwenye brashi yenyewe.

Makala haya ni ya mzazi, au kijana mwenyewe, anayetaka kujua analipia nini kabla hajatoa pesa. Yanamfaa pia mteja anayejiuliza kwa nini fundi mmoja anaomba zaidi ya mwenzake kwa kibao cha ukubwa uleule.

Mwanzoni mwanafunzi hagusi ukuta wa mtu. Tunampa brashi bapa yenye nywele laini, rangi ya maji, na gazeti kuukuu, liwe New Vision au Daily Monitor. Gazeti linageuzwa ubavu, ili safu za maandishi zilale na kuwa mistari ya kuandikia isiyomgharimu kitu. Hapo anavuta mistari ya wima ukurasa mzima, kisha ya kulala, kisha ya mshazari, kisha nusu duara ya kushoto na ya kulia. Akiziweza hizo, alfabeti yote amekwisha kuibeba. O ni nusu duara mbili zinazokutana. B ni mti wa wima na vitumbo viwili, cha chini kikubwa kidogo kuliko cha juu. S, inayowasumbua wote, tunaanza na uti wake wa katikati, halafu kichwa na mkia vinafuata.

Kabla ya kila mvuto, brashi iliyochovywa hupitishwa huku na huku juu ya kipande cha kadi ngumu mpaka nywele zilale bapa na ncha inyooke. Jambo hili dogo tunalikazania kuliko vijana wanavyotarajia. Brashi iliyobeba rangi nyingi itadondosha. Iliyobeba kidogo itakaukia katikati ya herufi na kuacha mkwaruzo. Rangi nzito hurudisha mkono nyuma, nyepesi mno hutiririka ukutani. Mwanafunzi anafika mahali vidole vyake vinamwambia kabla macho hayajaona, na mpaka afike hapo ni kurudiarudia tu. Mkono unaoandika huegemea fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani, ambayo ameishika kwa mkono wa pili, ili kiganja kisikanyage rangi mbichi. Mvuto mrefu hutoka begani. Anayeandika kwa kifundo cha mkono peke yake, kama anaandika daftarini, mistari yake itatetemeka akipewa herufi ya nusu mita.

Ustadi huu una umri mkubwa. Edward Catich, padri wa Marekani ambaye kabla ya upadri aliwahi kuwa fundi wa vibao Chicago, alizichunguza herufi zilizochongwa kwenye nguzo ya kaisari Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113. Hoja yake ilikuwa kwamba kabla ya patasi kugusa jiwe, mtu alikwisha kuziandika kwa brashi bapa, na ndiyo maana zina sehemu nene na sehemu nyembamba pale pale ambapo brashi ikigeuzwa huzileta. Wasomi wengi walikuwa wamezitazama herufi zile kabla yake. Yeye alizitazama kama mtu aliyewahi kula kwa brashi, na tunapenda wanafunzi wetu walijue hilo.

Baada ya mivuto linakuja somo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni mianya. Chukua maneno ambayo wateja wetu wa huku mpakani huyataka mara kwa mara: DUKA LA DAWA. Mwanafunzi anapima kwa rula, anaacha sentimita mbili kati ya kila herufi, anaandika kwa uangalifu, anarudi nyuma hatua kumi, na kibao kinamchukiza. Vipimo vyake ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba U na K zina miti miwili iliyosimama bega kwa bega, kwa hiyo zinabanana. L imelaza mguu chini na A imeinamisha bega mbali nayo. Juu yao linabaki shimo jeupe, na neno LA linapasuka vipande viwili. A na W za kwenye DAWA zimeinama upande mmoja, kwa hiyo zinaweza kusogezwa karibu sana bila kugombana. Tunamwambia afikirie anamwaga mchanga katikati ya herufi na herufi, na kila mwanya upokee kiasi kilekile. Basi U na K zinaachanishwa, L na A zinavutwa, AWA zinaingiliana, na ghafla maneno yanakaa sawa. Rula inabaki kwa mistari ya juu na chini tu.

Hata mistari hiyo ina hila zake. O ikiishia sawasawa kwenye mstari itaonekana fupi kuliko H iliyo jirani yake, kwa hiyo tunaivusha kidogo juu na chini. Ncha ya A nayo huvuka. Mwamba wa H ukiwekwa katikati kamili utaonekana umeshuka, hivyo unapandishwa kidogo. Fundi hupima kwa macho ya mpita njia, na macho hayo ndiyo yanayomlipa.

Kuna kipimo kingine tunachokifundisha mapema kwa sababu kinaokoa pesa za mteja. Herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka kwa raha kutoka mita 3 hivi. Mita 30 ndiyo mwisho wake, tena kwa macho mazuri na rangi zinazopambana vizuri. Kwa hiyo kama stegi ya boda iko ng'ambo ya barabara, mita 15 kutoka mlangoni kwako, neno kuu linahitaji karibu sentimita 12. Dereva wa lori anayetoka mpakani kuelekea Kampala kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa anakata takriban mita 14 kila sekunde. Huyo hatasoma orodha ya huduma saba na namba tatu za simu.

Ndiyo maana tunawazoeza wanafunzi kuzungumza na mteja kwa adabu kabla ya kufungua kopo. Mama mwenye saluni amekuja na karatasi iliyojaa: jina lake, kusuka, kuosha, dawa ya nywele, kucha, mstari wa Biblia, namba ya simu, namba ya kutumiwa pesa. Mwanafunzi anamwambia, "Mama, anayepita na boda atasoma neno moja. Ungependa asome lipi?" Mama anafikiri. Mara nyingi jibu ni SALUNI, ingawa alipoingia alitaka jina lake liwe kubwa kuliko yote. Jina linafuata chini yake, simu inakaa pembeni, na yale mengine yanaandikwa kwa herufi ndogo karibu na mlango, mahali ambapo mtu amekwisha kusimama. Kwa rangi, nyeusi juu ya njano haijawahi kutuangusha. Nyekundu juu ya buluu huumiza macho, na njano juu ya nyeupe haionekani.

Sasa nije kwenye jambo linalotenganisha fundi na mtu mwenye mwandiko mzuri, nalo ni kujua anaandika juu ya nini. Vibao vingi vinavyobanduka hapa mjini vina herufi nzuri tu. Kilichoshindwa ni kilicho chini ya herufi.

Bati jipya ndilo mtego mkubwa. Linang'aa, linaonekana safi, na mteja anataka liandikwe leo. Lakini bati hilo limepakwa zinki, na rangi ya kawaida ya mafuta ikikutana na zinki huanza kugeuka polepole kuwa kitu kama sabuni pale zinapogusana. Kwa juu huoni kitu. Baada ya msimu mmoja au miwili unagusa kwa ukucha na rangi yote inainuka kama karatasi. Mwanafunzi wetu anajifunza kuliosha bati jipya kwa siki, kulisuuza, kulikausha, kisha kulipaka rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya bati la zinki, ndipo afikirie herufi. Bati lililokaa nje likapigwa na mvua na jua hadi mng'ao ukaisha hushika rangi vizuri zaidi, alimradi kutu isuguliwe kwa msasa.

Ukuta mpya wa plasta una ugomvi unaofanana na huo. Saruji mbichi ina ukali unaoila rangi ya mafuta. Tunasubiri siku 28 hivi, na ukuta uwe mkavu kweli. Mteja akiwa na haraka ya kufungua duka, ni heri kumwandikia kibao cha mbao cha muda kuliko kuupaka ukuta unaotoa jasho. Mbao nazo zina siri moja ambayo wengi huiruka: maji huingilia kwenye ncha zilizokatwa, kwa hiyo ncha na mgongo wa ubao hupakwa rangi kama uso wake. Anayeandika majina kwenye mitumbwi kule Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, bila kusubiri mbao zikauke anapoteza rangi yake.

Hali ya hewa ni mwalimu wa pili. Kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, tunapanga kazi za nje tukitazama mawingu. Asubuhi mapema umande bado uko kwenye bati. Saa saba mchana bati hilo limekuwa moto na rangi inakwama chini ya brashi. Tunawafundisha kufuata kivuli: ukuta unaotazama magharibi asubuhi, unaotazama mashariki alasiri. Jua letu la ikweta pia lina rangi linazozipenda na linazozila. Nyekundu nyingi zinazowaka hupauka upesi, wakati nyekundu ya udongo, ambayo kwa asili yake ni kutu, hukaa miaka. Mteja anayetaka nyekundu kali aambiwe hivyo kabla, si baadaye.

Swali la wazazi ambalo nalielewa kabisa ni hili: mashine hazijaimaliza kazi hii? Kule Marekani, mwaka 1983 kampuni ya Gerber ilitoa mashine inayokata herufi za stika kwa kompyuta, na mafundi wengi wa brashi walipoteza kazi katika miaka iliyofuata. Hapa kwetu, ukishuka Nasser Road jijini Kampala utapata bango la kuchapishwa siku hiyohiyo. Mteja wa harusi au mkutano wa siku mbili tunamwambia wazi aende huko, itamfaa zaidi. Lakini stika haishiki kwenye plasta yenye mikwaruzo, wala kwenye ubavu wa mtumbwi, wala kwenye mlango wa duka wa bati lenye mikunjo. Shule zinaandika kuta zao, zahanati zinaandika milango yao, malori yanaandikwa mbele na nyuma. Maduka yaliyopakwa njano ya MTN na nyekundu ya Airtel unayaona kila mji, na yanapopauka kuna mtu analipwa kuyapaka upya. Kijana mwenye mkono mzuri na adabu kwa wateja hatalala njaa. Atakayeongeza ujuzi wa kompyuta juu ya brashi, tunamtia moyo; jicho lililofunzwa mianya litapanga herufi vizuri popote.

Kuhusu malipo ya kazi, tunafundisha kwa vitendo. Mwanafunzi anakaa nasi tunapokadiria: rangi kiasi gani, msasa, rangi ya kwanza, nauli, ngazi, siku za kusubiri ikauke. Siku za kusubiri ndizo wanaoanza husahau kuzihesabu. Maandishi yote yanaandikwa kwanza kwenye karatasi, mteja anayasoma kwa sauti, namba ya simu inapigwa pale pale ili ithibitishwe, kisha anatia sahihi na kutoa nusu ya pesa. Kwa herufi kubwa za ukutani tunatoboa mchoro wa karatasi kwa matundu madogo, tunauweka ukutani, tunaupigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa, na mchoro unabaki ukutani kabla hata tone la rangi halijamwagika. Hapo mteja anaweza bado kubadili mawazo bila hasara.

Tunapokea wanafunzi wachache kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila mkono unasahihishwa peke yake. Wasichana tunawapokea sawa na wavulana. Muda unategemea mtu. Hatutoi ahadi ya mwezi mmoja, na mzazi akiahidiwa hivyo popote aombe kwanza kuona vibao vya waliomaliza, tena vilivyokaa nje mwaka mzima. Ada tunaipanga na mzazi kabla ya kuanza, na kazi za wateja ambazo mwanafunzi ameshiriki anapata sehemu yake. Aje na nguo za zamani, daftari na penseli. Brashi ya kwanza tunampa sisi, pamoja na kopo la tapentaini la kuioshea na mafuta safi ya injini ya kuilainishia nywele kabla ya kuilaza. Akiitunza hadi mwisho wa mafunzo, ni yake.