Kwa nini chakula ulichokausha mwenyewe kinarudi kigumu

Lawama nyingi zinazotufikia kutoka kwa wateja wanaokodi mashine zetu za kukaushia huanza hivi: "Nadhani joto lake limeharibika." Mtu amekausha milo ya safari nzima, akaifunga vizuri, akaibeba hadi kambini. Jioni akamimina maji ya moto, akafunika, akangoja robo saa. Wali umelainika, mchuzi umekolea, lakini nyama na maharage ni kokoto tupu. Akirudi, kitu cha kwanza anachokishuku ni mashine.

Tunaipima kila mashine inayorudishwa, na mara nyingi tunakuta joto liko sawa. Shida ni kwamba tunapofikiria kukausha tunawaza namna ya kuyatoa maji, na kusahau kwamba siku moja yatatakiwa yarudi, tena haraka, kwa gesi kidogo, mbele ya mtu mwenye njaa. Kama maji yatarudi au hayatarudi huamuliwa mapema sana, kwenye ubao wa kukatia na kwenye sufuria, kabla trei ya kwanza haijaingia kwenye mashine.

Kwa anayejiuliza kama usumbufu huu una maana: nyanya mbichi ni maji kwa takriban asilimia 94, karoti 88, na hata wali ulioiva unakaribia 70. Kilo moja ya nyanya ikikauka sawasawa hubaki gramu 60 au 70 tu. Anayepanda mlima na chakula cha kawaida mgongoni anabeba maji anayoweza kuyapata njiani. Na wapo wateja wetu wasioenda safari yoyote. Wao wanataka mlo ulioiva ukae kabatini, wakichelewa kazini wawashe jiko, waloweke, wale.

Pika kwanza

Kanuni tunayomwambia kila anayekodi kwa mara ya kwanza ni kwamba mashine haipiki. Mchele mkavu wa dukani na wali uliopikwa ukakaushwa vinafanana machoni, ila wa kwanza unahitaji kama dakika 20 za moto, na wa pili unalainika kwa dakika chache kwa sababu wanga wake umeshaiva. Vivyo hivyo kwa tambi, viazi na dengu. Ukivikausha vikiwa vibichi, au nusu vimeiva, utakuwa umehamishia kambini kazi ya kupika iliyopaswa kuishia nyumbani.

Kwa maharage jambo hili ni la usalama pia. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa fitohemaglutinini, ambayo huvunjika kwa kuchemshwa kikamilifu. Joto la mashine ya kukaushia halifiki hata karibu na hapo. Kwa hiyo yaloweke, mwaga maji ya kulowekea, yachemshe hadi ukilibonyeza moja kati ya vidole lisagike lote bila kiini kigumu. Yakikauka utayaona yamepasuka na kufunguka kama maua, na wateja wengine hudhani yameharibika. Hayajaharibika. Ile mipasuko ndiyo njia ya maji kurudi ndani, na harage lililokauka zima bila ufa ndilo litakalokutesa.

Nyama

Hapa ndipo kokoto hutokea zaidi, na hapa ndipo tunaomba mtu asiwe na haraka.

Kipande cha nyama kilichokatwa kama cha mchuzi wa kawaida kikikaushwa hujikunja, nyuzi zake hushikana, na maji ya moto huishia juu juu. Tumia nyama ya kusaga, ile isiyo na mafuta mengi. Kabla ya kuikaanga, ichanganye na chenga za mkate uliokaushwa, kama nusu kikombe kwa kila nusu kilo, na uzikandie ndani kwa mkono hadi zisionekane. Chenga hizo hunyonya maji na kuyapeleka katikati ya nyama. Ni hatua ya dakika 2, na tofauti yake utaihisi kwenye meno. Kaanga bila kuongeza mafuta, ukivunjavunja mabonge hadi yawe madogo kuliko punje ya njegere.

Kisha yatoe mafuta. Mafuta hayakauki, hubaki palepale na baada ya muda huchacha, na mlo mzima hunuka. Mimina nyama kwenye chujio, ipitishie maji ya moto, halafu itandaze kwenye karatasi za jikoni na uibonyeze. Nyama ikishakaa saa kadhaa kwenye mashine, ikijitokeza matone yanayong'aa juu yake, yapanguse kwa karatasi kisha uendelee.

Joto la kuzingatia: nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo ifike nyuzi 71 za Selsiasi ndani yake wakati wa kupika, na kuku afike 74, ndipo iingie kwenye mashine. Usitegemee mashine ikuulie vijidudu baadaye. Nyama mbichi inapoanza kukauka, mvuke unaotoka huipoza, na bakteria waliobaki huzidi kuwa wagumu kufa kwa joto kadiri unyevu unavyopungua. Baada ya kupika, weka mashine nyuzi 60 hadi 70.

Kuku ana ukaidi wake. Kipaja au kidari kilichochemshwa kawaida na kukatwa vipande hurudi kama mpira. Aliyepikwa kwa sufuria ya presha hadi nyuzi zake zinaachana, kisha akachambuliwa nyembamba kwa uma, hurudi vizuri. Kuku wa kopo naye hurudi vizuri, kwa sababu hiyo hiyo: kopo hupikwa kwa presha.

Mboga na mchuzi

Mboga zinasamehe zaidi. Kata vipande vya milimita 5 au 6, vyote vilingane. Usawa una uzito kuliko udogo, kwa sababu kipande kinene kimoja kinaweza kubaki na unyevu na kuuachia mfuko mzima. Karoti, maharage mabichi ya maganda na brokoli zichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha moja kwa moja kwenye maji baridi. Hatua hiyo huzima vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha, na hulegeza ngozi ya mboga ili maji yapite. Mboga zilizogandishwa za dukani nyingi zimeshapitia hatua hiyo, kwa hiyo njegere za friza unazimwaga kwenye trei zilivyo. Kitunguu, pilipili hoho na uyoga hazihitaji.

Joto la mboga ni nyuzi 52 hadi 57. Najua kishawishi cha kupandisha ili usilale na kelele ya feni. Ukipandisha, ngozi ya nje hukauka na kufunga kabla maji ya katikati hayajatoka. Kipande kitalia kikavu ukikigonga, kumbe ndani kina unyevu wa kutosha kuotesha ukungu. Ganda hilo hilo ndilo litakalozuia maji kurudi siku ya kupika, kwa hiyo umepata hasara mara mbili.

Mchuzi wa nyanya ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii. Upike bila mafuta, kitunguu ukikilainisha kwa maji kidogo badala ya kukikaanga, kisha usage wote kwenye blenda. Utandaze kwenye trei isiyo na matundu, unene wa milimita 4 hivi, kingoni uwe mnene kidogo kuliko katikati kwa sababu kingo hukauka mapema. Baada ya saa kadhaa unabanduka kama ngozi. Ugeuze, umalizie upande wa pili, uache upoe, kisha uvunjevunje na kuurudisha kwenye blenda uwe unga. Unga huo unarudi kuwa mchuzi kwa dakika chache. Ukiacha vipande vikubwa vya ngozi, utavikuta chini ya sufuria vimeshikamana.

Mayai tunawaomba wateja wasikaushe nyumbani, kwa sababu ya hatari ya salmonela. Maziwa na jibini pia. Maziwa ya unga yapo na yanatengenezwa kwa mitambo inayofaa. Parachichi na siagi ya karanga vina mafuta mengi mno.

Mzani

Kama utachukua jambo moja tu hapa, chukua hili. Pima mlo ulioiva kabla ya kuukausha, pima tena ukishakauka. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo maji uliyoyatoa, na ndiyo utakayoyarudisha. Sahani ya gramu 450 ikibaki gramu 130, zimetoka gramu 320, yaani mililita 320 za maji. Ongeza kidogo kwa ajili ya mvuke utakaopotea jikoni. Andika namba hiyo kwenye mfuko kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe. Watu hukisia kwa jicho, wakaishia na uji au na punje ngumu, wakati jibu walikuwa nalo kwenye mzani.

Kujua kama chakula kimekauka, toa vipande vichache kutoka trei tofauti na uvipoze kwanza. Kitu cha moto kila mara huonekana laini kuliko kilivyo. Mboga ikatike ikilia. Punje ya nyama ivunje katikati uangalie ndani: rangi iwe moja, kusiwe na alama nyeusi ya unyevu, na ukiiminya na karatasi isiache doa la maji. Matunda hubaki yananyumbulika, ila yasigandane.

Matunda na mboga vitie kwanza kwenye chupa ya kioo, ijae theluthi mbili, uitikise kila siku kwa siku 7 hadi 10. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, rudisha kwenye mashine. Ukiona ukungu wa kuota, tupa chote.

Kutunza, na kurudisha maji

Hewa, mwanga na joto ndivyo vinavyomaliza chakula kikavu. Matunda yaliyokauka vizuri hukaa mwaka mmoja mahali penye nyuzi 16, na nusu ya muda huo penye nyuzi 27. Mboga kadiria nusu ya matunda. Milo yenye nyama iweke kwenye friza hadi siku ya kuondoka, ndivyo tunavyowashauri wateja wote. Mashine ya kuvuta hewa na vifuko vya kunyonya oksijeni vinasaidia, lakini havifidii ukaushaji mbovu. Bakteria wa botulizimu humea pasipo oksijeni, kwa hiyo chakula chenye unyevu kilichofungwa bila hewa ni hatari zaidi ya kilichoachwa wazi.

Kambini, usianze na maji ya moto. Mimina maji baridi yaliyo salama kwa kunywa, kiasi ulichoandika kwenye mfuko, acha chakula kilowe dakika 10 ndani ya sufuria. Hapo ndipo nyama inapoanza kufunguka. Kisha washa jiko, acha kichemke dakika 1 au 2, zima, funika na uizungushie sufuria sweta au kofia ya sufi kwa dakika 10 hadi 15. Gesi inayotumika ni ndogo kuliko ya kupika moja kwa moja. Ukiwa juu sana milimani ngoja zaidi: maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kwa hiyo kwenye mita 3,000 yanachemka kwa nyuzi 90. Na ukumbuke kwamba chakula kikisharudi maji kimekuwa chakula cha kawaida, kisikae zaidi ya saa 2 bila kuliwa.

Mafuta uliyoyatoa wakati wa kukausha yarudishe sasa. Beba kichupa cha mafuta ya kupikia na utie kijiko kimoja au viwili kwenye sahani. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, na aliyetembea mchana kutwa anazihitaji.

Kabla ya safari, pika mfuko mmoja nyumbani. Ni ajabu jinsi wachache wanavyofanya hivi, hali ndio ukaguzi pekee wenye maana.

Wanaotuletea chakula tuwakaushie: kije kimeiva, kimechujwa mafuta, kimepozwa haraka kwenye friji na kufungwa kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja, ili tuyapime kila moja kivyake. Chenye mayai, krimu au jibini tutakirudisha. Wanaokodi mashine waombe pia trei zisizo na matundu kama watakausha mchuzi, maana haziji na mashine. Mzani tunautoa pamoja na mashine bila malipo ya ziada.