Hedifoni haziwezi kutoa nafasi isiyokuwamo katika rekodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie dai walilolizoea wauzaji wa hedifoni, kwamba zile za bei kubwa humkalisha msikilizaji mbele ya jukwaa, kila ala akaisikia mahali pake. Majuzi muuzaji mmoja aliponihakikishia hivyo, nilimwomba anipigie wimbo wa Siti binti Saad. Sauti ya bibi ilikaa katikati ya kichwa changu, nyuma ya paji la uso, na ala zote zikarundikana papo hapo.

Kosa halikuwa la hedifoni. Siti alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ilhali Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya stirio, yaani sauti ya mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, mwaka 1931. Santuri zile zina mkondo mmoja tu wa sauti, na masikio yote mawili hupewa kitu kilekile.

Hata rekodi ya stirio ina mtihani wake. Ukiketi mbele ya spika mbili, sikio la kulia husikia pia spika ya kushoto, ila kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti iliyofifishwa na kichwa, na ubongo hutumia tofauti hiyo, ambayo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kujua sauti inatoka wapi. Hedifoni huikata njia hiyo. Ndiyo maana kundi la taarab lililorekodiwa kwa ajili ya spika hujipanga kwenye mstari mwembamba, ganuni ikiligusa sikio hili na akodiani lile, badala ya kuwa mbele yako.

Sisemi umbo la hedifoni halina maana. Zenye mgongo wazi, yaani zisizozibwa upande wa nje, hupunguza ule ubanaji wa sauti kichwani, na hedifoni ya Sennheiser HD 800 ya mwaka 2009 ilizilaza spika zake kwa mshazari ili sauti ipite kwenye mikunjo ya sikio kama itokavyo mbele. Lakini rekodi iliyofanywa kwa maikrofoni zilizotiwa katika masikio ya kichwa cha sanamu hutoka nje ya kichwa hata kwa hedifoni za kawaida kabisa.

Kwa hiyo nawaomba wenye maduka wamruhusu mteja ajaribu kwa rekodi ya stirio anayoijua vizuri, kabla hajatoa pesa yake.

Msomaji wako,
Unguja