Kikundi cha wazazi kitumike kufundishia shule zikifungwa

Mhariri,

Kila shule zinapofungwa ghafla, tunachoulizana ni tarehe ya kufunguliwa tu. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2020 korona ilipoingia, na ndivyo ilivyokuwa 2024 mafuriko yalipowahamisha watu Tana River na kwingineko, muhula wa pili ukasogezwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Mtoto asome nini wakati huo wote? Hilo hatulijadili, ilhali madarasa mengi tayari yana kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Humo hupita habari za karo, sare na mikutano. Naomba kitumike pia kufundishia.

Mwaka 2020 kulikuwa na vipindi vya masomo redioni na kwenye runinga, na kazi ile naiheshimu. Lakini redio husema tu, haimsikii mtoto. Mwanangu, aliyekuwa darasa la tano, alikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Kilichomfaa zaidi ni rekodi za sauti za mwalimu wake wa Kiswahili. Alikuwa akituma dakika mbili hivi kuhusu ngeli ya U-ZI, pamoja na picha ya zoezi, na watoto wakajibu kwa sauti zao. Siku moja mtoto akasema "maukuta". Mwalimu akamwita kwa jina, akamrekebisha taratibu: ukuta, kuta, ufunguo, funguo, ufagio, fagio. Darasa zima likasikia, na wanangu wote wawili wakawa wanayarudia maneno hayo jikoni.

Rekodi kama hiyo hula bando kidogo mno. Somo la video la nusu saa ni mzigo kwa mzazi anayenunua bando la shilingi ishirini, na ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba bila Zoom hakuna masomo.

Wapo wasio na simu janja kabisa, na hao ndio wanaonitia uchungu. Mwenye mulika mwizi, yaani simu ya kawaida isiyo na WhatsApp, asiachwe nyuma: apangiwe jirani mwenye mtoto wa darasa hilo hilo ili wanafunzi wasikilize pamoja, na pale ambapo kukutana hakuwezekani, mwalimu ampigie simu au amtumie ujumbe mfupi. Mpango huo hauwezi kuundwa maji yakiwa yameshafika mlangoni.

Bando la mwalimu nalo lilipiwe na shule. Mwalimu niliyemtaja alitumia pesa zake mwenyewe miezi yote ile, na ujumbe wa wazazi ulimfuata hadi usiku wa manane. Saa za masomo zikiisha, kikundi kifungwe hadi kesho yake.

Naomba walimu wakuu na wawakilishi wa wazazi waliweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao, na majina ya wasio na simu janja yaorodheshwe papo hapo, kabla ya masika.

Mzazi,
Malindi, Kaunti ya Kilifi