Risala ya akina mama wakaushaji dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU), wazee wetu, wavuvi na akina mama wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana mwaloni kwetu, hapa mitumbwi inaposhushia samaki. Umekuja siku za mbalamwezi, mitumbwi imepumzika, ndiyo maana umetukuta tumekaa. Ungekuja siku za giza, saa hizi tungekuwa tumeinama juu ya dagaa tangu alfajiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliposikia kwamba utazungumza nasi kuhusu ushirikiano wa nchi yetu na Umoja wa Ulaya katika mambo ya uvuvi, tuliona si vizuri tukae mbele yako mikono mitupu, tunajua kupiga makofi tu. Binti yetu mmoja aliyemaliza chuo alikubali kutufundisha jioni, baada ya kuanua dagaa. Hayo tuliyojifunza ndiyo yaliyotupa ujasiri wa kusema tutakayosema leo.

Tulijifunza kwamba jambo hili halikuanza jana. Septemba 1969, mjini Arusha, Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mkataba wa biashara na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ambayo baadaye ilikuja kuwa Umoja wa Ulaya. Nchi tatu zilikwenda mezani pamoja, kama jirani wanaokwenda kuposa. Mkataba wa kwanza wa mwaka 1968 haukupata kutumika, lakini hawakukata tamaa, wakarudi tena, na huo wa pili ukaanza kazi Januari 1971. Baadaye ukaja mkataba wa Lomé mwaka 1975, uliokusanya nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki, kisha Cotonou mwaka 2000, na sasa upo mkataba uliotiwa saini Samoa Novemba 2023.

Wenzangu waliniuliza, mambo ya Samoa yanamhusu nini mama anayegeuza dagaa Kigoma? Mheshimiwa, yanamhusu sana. Tutazame Ziwa Victoria. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hilo kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vikakosa pa kuuza, na mvuvi ambaye hajawahi kugusa sumu akakaa na samaki wake wakioza. Hatulaumu kufungwa kwa soko. Sumu ni sumu, hata sisi tusingewalisha watoto wetu samaki wale. Kilichotuingia moyoni ni kwamba uamuzi uliofanywa mbali vile ulifika mwaloni mara moja, bila kupotea njia. Soko lilifunguliwa baada ya ukaguzi kuimarishwa. Baadaye Umoja huohuo ukagharamia mpango wa usimamizi wa uvuvi kupitia Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria yenye makao yake Jinja, Uganda, na vikundi vya BMU vikapata nguvu katika nchi zote tatu. Tunajiuliza, kwa nini sheria ifike kwa siku moja na msaada uchukue miaka?

Kwa upande wa ziwa letu, tunashukuru kwa dhati. Mpango wa FISH4ACP, unaogharamiwa na Umoja wa Ulaya na Serikali ya Ujerumani na kutekelezwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, umechagua nchi 12, na kwa Tanzania ukachagua dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Kuchaguliwa huko tumekupokea kama heshima. Kwa muda mrefu ziwa hili lilisifiwa kwa kina chake na kwa samaki wa mapambo, wakati chakula cha watu wetu hakitajwi.

Lakini tukueleze na lililotuuma, Mheshimiwa, maana mgeni mwema huonyeshwa hata panapovuja. Miaka iliyopita walikuja watu wa mradi mmoja wakatujengea chanja, yaani vichanja vya mbao vya kuanikia dagaa. Tulishangilia na kuimba. Chanja zile zilijengwa juu, mbali na maji, mahali ambapo mlima unakinga upepo. Hapana aliyetuuliza. Mama yeyote wa hapa angewaambia kwamba dagaa hawakaushwi na jua peke yake, wanakaushwa na upepo wa ziwani. Tulipanda na ndoo kichwani kwa wiki chache, dagaa wakawa wanavunda, tukarudi mchangani. Mchwa wakamaliza mbao. Picha zetu tukicheka siku ya makabidhiano nadhani bado zipo kwenye taarifa ya mtu.

Na kurudi mchangani ni hasara. Dagaa wenye mchanga mnunuzi anawashusha bei akiwa bado hajaweka gunia chini. Masika yakianza ni balaa zaidi: mvua ya saa moja inatosha kugeuza kazi ya usiku mzima wa wavuvi kuwa chakula cha kuku. Mama amenunua kwa mkopo, ada ya mtoto iko humohumo ndani ya dagaa wale.

Ndiyo maana tunasema kiti cha mezani ni bora kuliko zawadi. Nchi yetu yenyewe ilituonyesha hivyo. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, Tanzania ikasema ngoja kwanza, tuvilinde viwanda vyetu vichanga. Wapo waliolaumu. Kenya ilikuwa na haraka yake ya haki, kwa kuwa haimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni na ingetozwa ushuru kwa maua yake, na mwishowe ikaingia mkataba wake yenyewe ulioanza kutumika Julai 2024. Sisi hatuamui nani alipatia. Tunachoona ni kwamba kila mmoja aliulizwa, akajibu kwa kinywa chake. Na sisi tunaomba tuulizwe.

Mheshimiwa, lipo pia suala la kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tuliumia, lakini hatukupinga, kwa sababu tunajua samaki wanahitaji kuzaa. Ziwa hili ni letu pamoja na Kongo, Burundi na Zambia, na dagaa hawajui mpaka. Ombi letu ni kwamba wanaopanga miezi ile mitatu wakumbuke kuwa mvuvi ana nyavu za kushona, lakini mkaushaji hana la kufanya. Fedha za ushirikiano zikigusa miezi hiyo, hata kwa mkopo nafuu wa kuanzisha shughuli nyingine, zitakuwa zimegusa njaa yenyewe.

Kwa hiyo tunaomba, kabla ya ubao wowote kupigiliwa hapa, mafundi wakae nasi siku tatu, masika na kiangazi. Tunaomba wawakilishi wawili wa akina mama waingie katika vikao vya mradi, si kama wapishi wa kikao. Na ofisi yako itusaidie kupata mikataba hiyo kwa Kiswahili, tuisome wenyewe.

Chanja mbili tulizojenga kwa michango yetu ziko pale chini, karibu na mwembe, upande wa upepo. Baada ya risala hii tunakuomba ushuke nasi uzione, na uonje dagaa waliokauka juu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.